Kawi safi ya Kitale na Bungoma ina wenyewe

Kila Kenya inapoandaa kongamano la wawekezaji, kawi safi huketishwa meza ya mbele. Wageni huonyeshwa picha za mvuke wa Olkaria na mitambo ya upepo ya Loiyangalani, kisha huambiwa kwamba karibu asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Ni kweli, na si haba. Yapo mataifa tajiri yanayochoma makaa ya mawe hadi leo huku yakituhubiria kuhusu tabianchi. Lakini mgeni huyo akipanda basi la usiku hadi Kitale, au akishuka Kanduyi pale Bungoma, atakuta mazungumzo ni mengine. Huko usafi wa stima hauna mjadala. Kinachojadiliwa ni kama itakuwepo saa moja jioni na, ikiwepo, kama itakuwa na nguvu za kuzungusha mota.

Hoja yangu ni hii: uwekezaji ambao sekta ya kawi safi inauhitaji zaidi kwa sasa katika kaunti hizi mbili, Trans Nzoia na Bungoma, ni wa vifaa vinavyogeuza kawi kuwa kipato, yaani mashine za kukausha mahindi, matangi ya kupozea maziwa, visiagi, pampu, na mitambo midogo kwenye mito na viwanda vyetu. Na mwekezaji wa kwanza anayefaa kuitwa ni yule mwenye mahindi, maziwa na miwa. Mgeni aje, tena karibu, lakini amkute mwenyeji amekwisha kushika hisa.

Magharibi ya Kenya haikuanza jana kuona nyaya za umeme. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954, kampuni ya Kenya Power Company iliundwa ili kuvuta umeme huo kutoka Tororo hadi Nairobi. Nyaya zikakatiza magharibi, zikawahi mji mkuu na viwanda vyake. Kwa miongo mingi waliolala chini ya nyaya hizo waliwasha koroboi. Miaka ya baadaye likaja bwawa la Turkwel, kaskazini ya Kitale, lililokamilika mwaka 1991 likiwa na uwezo wa megawati 106. Maji yanayolijaza ni ya mto Suam, unaochimbuka Mlima Elgon na kupita mpakani upande wa Endebess kabla ya kubadilishwa jina huko chini. Umeme wake nao ukasafirishwa hadi Lessos, kaunti ya Nandi, ukaingia kwenye gridi ya taifa. Hakuna ubaya wowote wa kuchangia gridi; taifa ni moja. Ubaya ni kwamba tuliizoea hali hiyo mpaka tukaamini kuwa kawi ni kitu kinachotupitia, kwamba kazi yetu ni kutoa mto na njia ya nguzo, halafu kungoja bili.

Serikali ilijitahidi kuirekebisha hali hiyo. Mradi wa Last Mile, uliozinduliwa mwaka 2015, uliteremsha ada ya kuunganishiwa stima hadi shilingi 15,000, na vijiji vingi vya Kiminini, Tongaren na Sirisia vikapata mita kwa mara ya kwanza. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba nusu ya nyumba nchini zilitumia stima ya gridi kwa mwangaza, na karibu nyumba moja kati ya tano ilitumia sola. Lakini sensa hiyohiyo ilionyesha kwamba asilimia 55 ya nyumba zilikuwa bado zinapika kwa kuni. Mita nyingi mashambani zinawasha balbu mbili, redio na chaja ya simu. Mwenye nyumba hununua tokeni za shilingi 50, akaziangalia zikiisha kama anayehesabu dakika za simu. Kampuni ya umeme haipati faida kwa mteja kama huyo, na mteja naye hatajiriki kwa stima ya namna hiyo.

Hapo ndipo penye kitendawili cha sekta nzima. Usiku wa manane, matumizi yanaposhuka, mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani kwa sababu hakuna wa kuutumia. Jioni, kila mtu anapowasha taa na televisheni, wakuu wa kampuni ya kusambaza umeme ya Kenya Power wamekiri hadharani kwamba baadhi ya maeneo ya magharibi hukatiwa stima kwa kuwa laini haziwezi kubeba mzigo. Mapema mwaka 2025 matumizi ya juu kabisa ya nchi nzima yalipita megawati 2,300. Kwa taifa la watu zaidi ya milioni 50, hicho ni kiasi kidogo mno. Mikataba mingi ya kununua umeme imeandikwa kwa namna ambayo mzalishaji hulipwa hata kama umeme wake haukutumika. Gharama hiyo hugawanywa kwa uniti zinazouzwa, na uniti zikiwa chache kila moja inakuwa ghali. Kwa hiyo mwenye kisiagi cha stima huko Chwele, Bungoma, na mwenye tangi la maziwa huko Kwanza, Trans Nzoia, wakitumia umeme wakati wa mchana, wanampunguzia mzigo hata mkazi wa Nairobi. Kuwekeza katika matumizi yenye tija ni kuwekeza katika sekta yenyewe.

Tumewahi kuona gharama ya kuanzia upande mwingine, ule wa uzalishaji. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, ulikuwa tayari mwaka 2017. Laini ya kilomita zaidi ya 400 ya kuufikisha Suswa haikuwa tayari. Kampuni ya Uhispania iliyopewa kazi hiyo ilifilisika njiani, na ikabidi mkandarasi kutoka China aje kumalizia. Umeme ulianza kutiririka Septemba 2018. Kwa muda huo wote wa kungoja, mkataba uliidai Kenya fidia, na mabilioni ya shilingi yakalipwa kwa upepo uliovuma bure. Sisemi mradi ule ulikuwa kosa. Leo unachangia pakubwa katika gridi. Nasema mwekezaji alikuwa amejikinga dhidi ya kila hatari, na kila hatari aliyoikwepa ilimwangukia mlipa bili. Wenye ardhi nao walibaki pembeni hadi Oktoba 2021, mahakama ya Meru ilipoamua kwamba hatimiliki za ardhi ya mradi huo zilipatikana kinyume cha sheria. Kule Kinangop hawakusubiri mahakama. Wenyeji waliupinga mradi wa upepo wa megawati 60 mpaka wawekezaji wakafunga virago mwaka 2016. Mwenyeji asiyekuwa na sehemu katika mradi hana sababu ya kuulinda.

Tuje basi kwenye jambo ambalo kila mkazi wa Trans Nzoia analijua. Mahindi hukomaa Oktoba, na mvua haijasikia habari hiyo. Novemba ukipita barabara ya kutoka Kitale kwenda Endebess, utaona mahindi yameanikwa kwenye maturubai, kwenye viwanja vya makanisa, na mengine kwenye ukingo wa lami ambako magari yanayapuliza vumbi. Saa nane mchana wingu linaanza kushuka kutoka Mlima Elgon. Mama na watoto wanakimbia, wanakunja maturubai, wanaburuta magunia hadi kwenye veranda. Kesho yake wanaanika tena. Mkulima anatia punje mdomoni, anaiuma. Ikilia kwa ukavu anatabasamu, ikibonyea anajua bado. Akifika kwenye ghala la Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB), meno yake hayana kauli. Kipimo kinasema unyevu usizidi asilimia 13.5. Aliye na 17 anarudishwa, na getini broka anamsubiri.

Broka huyo si mjinga wala si shetani. Hesabu yake ni rahisi. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20, likikaushwa hadi kiwango cha bodi, hubaki na kilo 83 hivi. Kilo saba zilikuwa maji. Broka anakata hizo saba, anakata na nyingine za kujihami, anakata na usafiri, na anajua kwamba mkulima hana pa kwenda kwa sababu karo ya Januari inabisha mlangoni. Msimu wa 2023 serikali ilitangaza bei ya shilingi 4,000 kwa gunia. Wengi waliisikia redioni tu. Na mahindi yaliyobaki nyumbani na unyevu wake ndiyo yanayoota ukungu na kuingiwa na sumukuvu, ile aflatoksini ambayo hailiwi na mtu wala kuku.

Sasa angalia kilicholala uani. Baada ya kupukuchua, mkulima anabaki na lundo la magunzi. Mengine hupikiwa, mengi huoza au huchomwa ili kusafisha uwanja. Magunzi yanayotoka kwenye gunia moja la mahindi yana joto la kutosha na kusaza kukausha gunia hilohilo. Mashine ya kukausha nafaka haihitaji umeme mwingi. Inahitaji joto na hewa inayosukumwa. Joto ni la magunzi, na feni inaweza kuzungushwa na stima ya gridi au paneli chache za sola. Serikali ilinunua mashine za kukaushia za kuhamishika na kuzisambaza, nayo ni hatua ya kupongezwa, lakini mashine ya dizeli inalia bei ya dizeli, ambayo mwaka 2025 ilikuwa takribani shilingi 170 kwa lita. Huu ndio uwekezaji wa kawi safi ninaouzungumzia: mashine ya ushirika katika kila kituo cha soko, inayolishwa kwa uchafu wa zao lenyewe, ikitoza ada kwa gunia, na faida ikirudi kwa wenye hisa ambao ni wale wale waliopanga foleni.

Maziwa yana hadithi kama hiyo. Ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni, lakini gari la kukusanya maziwa huja asubuhi. Ya jioni hayana pa kulala. Mengine yanagandishwa kuwa mala, mengine anapewa ndama, mengine yanauzwa kwa jirani kwa bei ya kutupa. Tangi la kupozea linalotumia sola mchana na kuhifadhi ubaridi hadi usiku linampa mfugaji wa Saboti au Cherangany mauzo mawili kwa siku badala ya moja. Mbolea ya ng'ombe hao hao inaingia kwenye mtambo wa bayogesi na kumpunguzia mama safari ya kuni msituni. Hakuna teknolojia ngeni hapo. Yote yapo nchini na yanauzwa. Kinachokosekana ni mtaji wenye subira na chama chenye hesabu safi.

Nenda Chwele siku ya soko uone upande mwingine. Foleni ya madebe mbele ya kisiagi, stima inapungua nguvu, mota inanguruma bila kuzunguka. Mwenye kisiagi anazima haraka kabla nyaya za ndani hazijaungua. Kama ana injini ya dizeli anaiwasha, na bei ya kusaga debe inapanda papo hapo. Kama hana, wateja wanabeba mahindi yao na kurudi. Paneli za sola juu ya bati la kisiagi hicho zingezungusha mota kwa saa za jua kali, ambazo ndizo saa za soko. Eneo letu la ikweta linapata jua la kutosha karibu mwaka mzima, hata kama mawingu ya alasiri yana mazoea yao.

Kuhusu miwa, majirani zetu wa Mumias wametuachia somo tusilopaswa kulisahau. Mwaka 2009 Kampuni ya Sukari ya Mumias ilianza kuendesha mtambo wa megawati 35 uliochoma makapi ya miwa, bagasi kama wanavyoiita viwandani, na megawati 26 kati ya hizo zikapangiwa kuuzwa kwa gridi. Karatasini, mradi ulikuwa safi kwa kila hali: makapi ni ya bure, mkataba wa kuuza upo, teknolojia imethibitishwa. Kilichoangusha mtambo ule hakikuwa ndani ya mtambo. Wakulima walicheleweshewa malipo, wakapeleka miwa kwingine au wakang'oa na kupanda mahindi. Miwa ikipungua, makapi yanapungua, na tanuri linazima. Kufikia 2019 kampuni yenyewe ilikuwa mikononi mwa mrasimu. Kwa hiyo yeyote anayekokotoa faida ya umeme wa makapi anapaswa kuanza na swali moja: mkulima analipwa lini?

Swali hilo limehamia Bungoma sasa. Kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoko Bukembe na kilichoanza kusaga miwa mwaka 1978, kilikodishwa mwaka 2025 kwa kampuni ya West Kenya kwa muda wa miaka 30. Mazungumzo ya kuzalisha umeme wa kuuza pale ni ya miaka mingi. Miaka 30 ni muda wa kutosha kuyatimiza. Lakini umeme huo utakapokuja, utakuwa umetokana na makapi ya muwa ambao mkulima alilipwa kwa uzito wa tani, bila makapi kutajwa popote katika hati yake ya malipo. Serikali ya kitaifa, kaunti ya Bungoma na vyama vya wakulima wana nafasi ya kudai jambo hili mapema: mapato ya umeme yaingie katika fomula ya bei ya miwa, au wakulima wapewe hisa katika kampuni ya kuzalisha. Likisubiri mpaka mtambo uwashwe, halitasikika tena.

Webuye nayo inajua maana ya kiwanda kushindwa na gharama zake. Kiwanda cha karatasi cha PanPaper, kilichoanza kazi mwaka 1974 na kulisha mji mzima, kilifungwa mwaka 2009 kikiwa kimezongwa na madeni, la stima likiwa mojawapo. Nyumba za kupanga zikabaki tupu na maduka yakashusha mabati. Hakuna anayeweza kuuambia mji ule kwamba kawi ni suala la wataalamu wa Nairobi.

Je, wakulima wanaweza kweli kumiliki mitambo ya umeme? Wapo wanaoimiliki tayari. Katika kaunti ya Meru, kiwanda cha chai cha Imenti kimekuwa na mtambo wake mdogo wa maji tangu miaka zaidi ya kumi iliyopita, na ziada huuzwa kwa Kenya Power. Nyeri kuna mtambo wa mto Gura wa megawati 5.8 unaohudumia viwanda vya chai vya wakulima walio chini ya shirika la chai la KTDA. Wenye hisa za viwanda hivyo ni wachuma chai wenyewe. Mlima Elgon una kiwanda cha chai cha Kapkateny, na una mito Kuywa, Sosio na Kibisi inayoteremka kwa kasi kabla ya kuungana na Nzoia. Ng'ambo ya bahari, wakazi wa Copenhagen waliunda ushirika wa zaidi ya watu 8,000 wakanunua nusu ya mitambo 20 ya upepo ya Middelgrunden, iliyoanza kazi mwaka 2000. Watu hao si matajiri wa mafuta. Ni watu wa kawaida walionunua hisa kwa kiasi walichoweza.

Wakenya nao wamewahi kuonyesha kwamba wana pesa na nia. Mwaka 2006 serikali ilipouza asilimia 30 ya kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen kwa shilingi 11.90 kwa hisa, watu walipanga foleni kwenye benki mpaka maombi yakazidi hisa zilizotolewa mara tatu. Mwaka 2009 kampuni hiyo hiyo ilitafuta shilingi bilioni 15 kwa hatifungani ya miundombinu, ikakusanya bilioni 25. Ni kweli kwamba walionunua hisa na kuzishika walikuja kuonja uchungu. Kuna wakati zilishuka hadi chini ya shilingi 3. Funzo lake ni kwamba kumiliki kipande kidogo cha kampuni kubwa usiyoweza kuiuliza swali si sawa na kumiliki kipande cha mashine iliyo hapo sokoni, ambayo mhasibu wake unakutana naye kanisani au msikitini.

Na tusidharau uwezo wa mkulima kulipa deni. Shirika la One Acre Fund lilianzia Bungoma mwaka 2006 na familia 38 za wakulima, likiwapa mbegu na mbolea kwa mkopo. Baadaye likaongeza taa za sola kwenye orodha, nazo zikalipwa kidogo kidogo kama mbolea. Taa hizo ndizo zilizofukuza koroboi katika nyumba nyingi. Kilichobaki ni kupanda ngazi moja, kutoka taa hadi mota, na ngazi hiyo inahitaji mkopo mkubwa zaidi na wa muda mrefu zaidi kuliko msimu mmoja wa mahindi.

Hapo ndipo sacco zinapoingia. Kaunti hizi zina sacco za walimu, za wafanyabiashara na za wakulima, Ng'arisha ya Bungoma ikiwa mojawapo ya zinazojulikana. Wanachama huchukua mikopo ya karo, ploti na pikipiki. Yote ina maana yake. Lakini ploti iliyozungushiwa ua haikaushi mahindi. Sacco ikiwa na mkopo maalumu wa vifaa vya kawi, ambapo mashine yenyewe ndiyo dhamana na marejesho yanafuata msimu wa mavuno, itakuwa imewekeza katika nchi kwa maana halisi.

Najua pingamizi lililo tayari. Akiba ya sacco ni jasho la watu. Je, mashine ikiharibika? Swali hili ni la haki, na jibu lake si kuwaomba watu wawe na imani. Mamlaka ya kusimamia sacco, SASRA, ina kanuni zinazozuia akiba kuchezewa, na zinapaswa kubaki kali. Ndiyo maana sacco ikopeshe, isiendeshe. Uendeshaji uwe wa chama cha ushirika chenye hisa zake, chenye fundi aliyelipwa, akiba ya vipuri, bima, na ada inayotozwa kila gunia na kila lita hata kwa mwenyekiti. Tumekwisha kuona taa za barabarani za sola zilizosimikwa kwa ruzuku zikizimika moja baada ya nyingine, betri zikiibiwa mchana, na hakuna mtu wa kulalamika kwa sababu hazikuwa za mtu. Msaada usio na mwenyewe hufa kwa ukimya. Mashine inayodaiwa hulindwa na wadai wake wote.

Pingamizi la pili ni kwamba taifa haliendelei kwa visiagi na vikaushio, linahitaji megawati maelfu. Ni kweli linazihitaji, na miradi mikubwa ya mvuke na laini za kuimarisha gridi ya magharibi lazima iendelee. Lakini hakuna benki itakayokopesha mradi wa megawati 100 kama hakuna wa kununua umeme wake. Wanunuzi hao wanakuzwa vijijini, kiwanda kidogo kwa kiwanda kidogo.

Serikali ina kazi tatu za kufanya, na hakuna hata moja inayohitaji mkopo wa nje. Ya kwanza ni kuacha kuyumba. Mwaka 2020 msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola uliondolewa, mwaka 2021 ukarudishwa. Mwenye kupanga mkopo wa miaka mitano hawezi kuishi na sheria inayobadilika kila bajeti. Ya pili ni kurekebisha kanuni za mwaka 2024 zinazomruhusu mteja mwenye sola kuingiza ziada yake kwenye gridi. Kwa sasa anarejeshewa nusu ya uniti alizoingiza, na mwaka wa fedha ukiisha, salio lake linapotea. Kwa kisiagi chenye paneli au ushirika ambao mashine zake hazikaushi mahindi mwezi wa Aprili, nusu hiyo ndiyo tofauti kati ya mradi unaolipa na usiolipa. Kenya Power ina hofu ya kupoteza mapato, na hofu hiyo ina msingi, lakini katika eneo ambalo laini zinazidiwa jioni, kila paneli inayopunguza mzigo wa mchana na kila betri inayosaidia jioni ina thamani zaidi ya nusu.

Ya tatu ni haki ya mwenyeji. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 imegawa mrabaha wa mvuke wa ardhini: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali. Mito haikutengewa fungu kama hilo. Wanaolinda msitu wa Mlima Elgon na Cherangany, wanaoambiwa wasikate mti ili maji yasipungue Turkwel, wanastahili kuingizwa katika sheria hiyo. Kaunti nazo zisijifiche nyuma ya Nairobi. Katiba imezipa jukumu la kusambaza umeme na gesi katika maeneo yao, na Sheria ya Kawi inazitaka ziandae mipango ya kawi. Mpango wa Trans Nzoia unapaswa kusema ni vituo vingapi vya kukausha mahindi vitajengwa na wapi. Wa Bungoma useme nini kitadaiwa kwa niaba ya wakulima wa Nzoia.

Mkulima naye ana lake. Mkutano mkuu wa mwaka wa sacco au ushirika wako ukiitwa, usiende kuuliza mgao wa faida peke yake. Uliza ni kiasi gani cha mikopo kimekwenda kwenye mashine zinazoongeza thamani ya mazao ya wanachama, na kama hakuna, pendekeza hoja ipigiwe kura siku hiyo hiyo. Mwekezaji kutoka London au Dubai akifika baadaye na kukuta vituo kumi vinavyojilipa, ataomba kuingia kwa masharti yenu. Akikuta uwanja mtupu, masharti atayaandika yeye.